Siku ya maji, pampu zizimwe: mtaa una haki ya kumwambia mtu hivyo?

MLETA MADA
Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana kwetu limeshawagombanisha watu waliokuwa wakiombana chumvi.

Mtaa wetu hapa Dar es Salaam uko kwenye mwinuko, na maji tunapata kwa mgao, mara mbili kwa wiki. Huanza kutoka kama saa nane usiku. Karibu kila mwenye uwezo amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Bomba likianza kukoroma tu, pampu zinawashwa, na nyumba zisizo nazo zinaambulia hewa. Bibi mmoja jirani yangu, analea wajukuu watatu, hukesha na ndoo tupu huku upande wa pili wa ukuta tangi la lita 5,000 likifurika mpaka barabarani.

Kwenye kikao cha mtaa baadhi yetu tukapendekeza: siku ya maji, kwa muda wa saa tatu za mwanzo, pampu zote zizimwe, kila mtu akinge kwa nguvu ya bomba lenyewe. Baada ya hapo, anayetaka kuvuta avute. Wapo waliounga mkono, wapo waliosema tunaingilia mali ya mtu.

Mimi naunga mkono, na si kwa huruma tu. Tunahimizwa kila siku kuhifadhi maji, nami nayafanya hayo yote. Nimezamisha chupa ya lita moja na nusu, imejaa maji, ndani ya tangi la choo. Nyumbani tuko sita. Tukivuta mara 30 kwa siku, zinaokolewa lita 45, zaidi ya madumu mawili. Nikajiuliza: hizi lita 45 nimemwachia nani? Bibi hazimfikii. Zinaishia kwa mwenye pampu kubwa kuliko wote. Tukibana nyumbani bila kukubaliana namna ya kugawana, tunamjazia yeye tangi.

Tusisahau Oktoba 2022. Mvua zilichelewa, mto Ruvu tunaoutegemea kwa maji ukapungua, na mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466 kwa siku, ikashuka hadi kama milioni 300. Dumu la lita 20 nilinunua kwa shilingi 500. Pigeni hesabu: uniti moja ni lita 1,000, madumu 50, shilingi 25,000. Ya bomba sijawahi kulipia hata shilingi 2,500 kwa uniti. Asiye na tangi ndiye aliyelipa bei ile, na mvua zikigoma tena atalipa yeye. Karibuni.

MWENYE PAMPU
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Nyumba yangu iko juu kabisa. Bila pampu sipati hata kikombe, na si suala la mwezi mmoja, huu ni mwaka wa tatu. Bili nalipa kama ninyi. Mlitaka nifanyeje?

Kwetu bomba kubwa lilipasuka. Tukapiga simu, tukapiga picha, tukaenda wenyewe. Wahusika walifika siku ya 19. Maji ya siku 19, mchana na usiku, yanakwenda mtaroni! Halafu kikao kinakaa kunijadili mimi. Presha ikiwa nzuri, nani atahangaika kununua pampu na umeme ulivyo ghali? Mnamwacha anayemwaga, mnamkamata anayejihangaikia.

MPANGAJI, MBAGALA
Kaka, pole kwa hizo siku 19. Ila nitazame na mimi nisiye na pampu wala tangi.

Kubana maji sihitaji kufundishwa. Maji niliyomwogeshea mtoto ndiyo ninayolowekea nguo za shambani, na hayo hayo yanamalizikia chooni. Ndoo moja kazi tatu. Nilisikia Cape Town mwaka 2018 ukame uliwabana mpaka wakawekewa kikomo cha lita 50 kwa kila mtu kwa siku, na dunia nzima ikawaonea huruma. Lita 50 ni madumu mawili na nusu. Sisi chumbani tuko watano, na hata maji yakitoka vizuri hatujawahi kufikisha madumu 12 kwa siku moja. Kwa hiyo mkija na kampeni ya kuhifadhi maji, anzieni kwa anayemwagilia nyasi saa saba mchana.

Na kuna hili hamjaligusa. Nyumba yetu ina vyumba vinane, mita moja, bili tunagawana sawa. Nikibana, nafuu inagawanywa kwa wote. Jirani akiacha koki wazi, tunalipa wote. Kwenye mpango kama huo, bidii ya mtu mmoja inakatishwa tamaa mapema sana.

FUNDI BOMBA
Pampu hizo nazifunga mimi, kwa hiyo naongea nikizijua.

Bomba likiwa na maji machache, pampu inanyonya. Na likiwa na ufa pale linapopita kwenye mtaro, linanyonya na uchafu wa mtaro. Mkifungua koki mkaona maji yana rangi na harufu, msikimbilie kulaumu mitambo ya Ruvu; wakati mwingine ni pampu ya jirani imewaletea.

Njia salama ipo: chimba tangi la chini, maji yaingie yenyewe, halafu pampu iyatoe hapo kuyapeleka tangi la juu. Jirani humgusi. Nyumba ya juu inafaidika zaidi, kwa sababu mdomo wa tangi uko chini kuliko koki yoyote ya ndani.

La pili ni boya, lile linaloelea ndani ya tangi na kufunga maji likijaa. Matangi yanayofurika usiku, mengi niliyoyaona boya limekufa au halikuwekwa kabisa. Na kila mtu akajikague kwake: funga koki zote, kaangalie mita. Kigurudumu kidogo kikizunguka, unavujisha. Chooni, tia bluu ya kufulia kwenye tangi la kuvutia, usivute kwa nusu saa. Ukiona bluu kwenye sinki la choo, raba imekwisha.

MWENYE PAMPU
Nafasi ya tangi la chini ninayo, na hilo nitalifanya. Ila nijibuni: hao wa bondeni wasio na pampu, wakishajaza ndoo zao wanafunga? Wanalala koki ziko wazi, mapipa yanamwagika hadi alfajiri. Hizo saa tatu zenu zitaishia huko huko chini. Mimi na bibi tutabaki tunatazamana.

MLETA MADA
Hapo umenishika. Pendekezo letu liliwatazama wenye pampu, likawasahau wanaoacha koki wazi. Kuwazimia watu wa juu pampu huku bondeni kunamwagika ni kuwaonea.

Nalirekebisha hivi. Tuanze na maboya: Jumamosi tupite na fundi nyumba kwa nyumba, na anayekinga kwenye pipa akubali kufunga likijaa. Wasio na uwezo wa kununua boya tuwachangie. Saa tatu bila pampu zifuate baada ya hapo, na anayevuta kutoka tangi la chini zisimhusu. Bomba likipasuka, tarehe tuliyotoa taarifa iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na kila siku inayopita iongezwe pale pale, ili siku 19 zihesabiwe hadharani. Madai kwa wahusika hatuyaachi. Ila kwa bibi, saa nane ya usiku wa leo haisubiri bomba jipya.

MPANGAJI, MBAGALA
Nimeyapenda. Sasa mimi nina swali la mpangaji. Mwenye nyumba wetu haishi hapa, na hata raba ya choo tunanunua wenyewe. Boya likifungwa kwenye tangi lake, tukilichangia sisi, siku nikihama linabaki la nani? Na akikataa fundi asiingie, kikao cha mtaa kitamwambia nini mtu ambaye hata kikaoni haji?