Naomba ushauri: rufaa ya kiwango cha ulemavu wa pua na sainasi kwa askari mstaafu wa Marekani

Ndugu zangu, hasa mliowahi kulitumikia jeshi la Marekani, naomba ushauri wenu. Nilihudumu Afghanistan, karibu na mashimo ya kuchomea taka, na tangu nirudi pua huziba na sainasi (mianya iliyo ndani ya mifupa inayozunguka pua) huniuma mara kwa mara. Kwa kuwa Sheria ya PACT ya 2022, sheria ya Marekani kwa askari waliokumbana na moshi na sumu kazini, inayachukulia maradhi hayo sugu kuwa yametokana na utumishi, chanzo hakibishaniwi; mzozo uko kwenye kiwango cha ulemavu, ambacho ndicho huamua fidia. Idara ya Maveterani ya Marekani (VA) imenipa asilimia 10 kwa sainasi na sifuri kwa pua.

Kanuni inatoa asilimia 30 kwa anayeugua sainasi zaidi ya mara sita kwa mwaka, akiwa na maumivu na usaha, hata kama hakulazimika kulala kitandani. Kwa pua, asilimia 10 huhitaji njia zote mbili ziwe zimeziba zaidi ya nusu, au moja iwe imeziba kabisa. Daktari alinipima siku ambayo, kwa bahati mbaya, nilikuwa napumua vizuri.

Je, kabla mwaka mmoja wa rufaa haujaisha, niombe mapitio ya ngazi ya juu, ambayo hayapokei ushahidi mpya, au niwasilishe dai la nyongeza pamoja na picha za CT na shajara ya dalili? Naelekea kwenye hilo la pili, kwa sababu kumbukumbu za zahanati hazionyeshi vipindi nilivyojitibu nyumbani. Na maelezo ya maandishi ya mke wangu, anayeniona nikihangaika usiku, yana uzito gani?