Naombeni ushauri: mafaili yabaki kwenye folda zangu au nihamie mtandaoni jumla?

Kabati la Juu:
Habarini wakuu, samahani kwa maelezo marefu. Mimi ni mtu wa folda toka zamani, folda ya mwaka, ndani yake ya kazi, ndani yake barua, ripoti, picha, hata ukiniamsha usingizini nakwambia faili liko wapi. Sasa kila mtu ananiambia hamia mtandaoni, imeili soma kwenye brauza, kuandika andikia humohumo. Nimejaribu ila nachanganyikiwa jamani. Nafungua naona orodha moja ndefu ya vitu "vya hivi karibuni", vya kwangu na nilivyotumiwa na watu vimechanganyika, hakuna hata pa kubonyeza "hifadhi", eti linajihifadhi lenyewe. Limejihifadhi wapi? Naomba kujua kwa mtu wa kawaida ipi rahisi na salama. Mwisho wa mwezi lazima niwe nimeshaamua. Natanguliza shukrani.

Fundi Waya:
Mkuu hamia tu usijitese. Wewe unawaza faili liko wapi, kule unatakiwa ukumbuke lina neno gani ndani. Gmail ilipotoka tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa GB 1 wakati wengine wanatoa megabaiti chache, watu wakadhani ni utani wa siku ya wajinga, ila nia ilikuwa usifute kitu, uwe unatafuta. Na haitumii folda, ina lebo. Barua moja unaipa lebo ya "mkataba" na lebo ya "2023", inaonekana kote kuwili na ni ileile. Kwenye folda ungekopi mara mbili, ukirekebisha moja ile nyingine inabaki ya zamani. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika has:attachment halafu before:2020/01/01 uone inavyokuletea viambatisho vya zamani vyote, utasahau folda.

Bi Mkubwa:
Mimi siwezi kumwambia mtu hivyo. Picha za wanangu niliambiwa zimeshapanda mtandaoni, nikazifuta kwenye simu nipate nafasi, kumbe simu na mtandao vinafuatana, ukifuta huku na kule inafutika. Nilizikuta kwenye kapu la taka bado muda wake haujaisha, Mungu alisimama. Toka siku hiyo nina diski ya pembeni, kila kitu kina folda na tarehe. Mwanangu wa pili ananishangaa, ukimuuliza faili lako umeweka wapi anakujibu liko kwenye apu. Hawa watoto wamekulia kwenye simu, folda hawajawahi kuiona, sasa ameanza chuo anaambiwa atume kazi anahangaika nayo usiku kucha.

Mtu wa Kimya:
Kwa nini mwisho wa mwezi?

Kabati la Juu:
Ni ratiba zangu tu mkuu, tubaki kwenye swali.

Mtu wa Kimya:
Swali lako halijibiki bila hilo. Hiyo akaunti ni yako au ya kazini?

Kabati la Juu:
Haya. Ni ya ofisini, na mwisho wa mwezi naacha kazi. Ila msianze kunihukumu, nimeshajipanga, folda lote la mtandaoni nimeshalikopi kwenye flashi, na kompyuta ya ofisi nimeshaisafisha maana natakiwa kuirudisha. Bakapu ninayo. Ninachouliza ni nianze na mtindo gani kwenye kompyuta yangu mpya.

Mwana wa Haki:
Hapo ndipo mnapokosea. Kazi uliyolipwa kuifanya ni mali ya mwajiri, unabeba ya nini? Uaminifu umetutoka kabisa.

Kabati la Juu:
Mkuu sibebi siri ya mtu. Humo kuna vyeti vyangu, maombi ya masomo, barua za familia, na mswada wangu wa hadithi nilioandika kwa miaka. Niliviweka humo kwa sababu ndiyo akaunti iliyokuwa wazi mbele yangu kutwa nzima. Kuna ubaya gani?

Fundi Waya:
Ngoja kwanza. Ulivyokopi vinaishia na nini? Kama ni .gdoc au .gsheet, yaani vile vya kuandikia humohumo mtandaoni kwa Google, angalia ukubwa wake.

Kabati la Juu:
Vyeti ni pdf, ila mswada na barua karibu zote ni .gdoc. KB 1 kila moja. Nilijua zimebanwa zisijaze flashi.

Fundi Waya:
Hazijabanwa mkuu, hazina maandishi ndani. Hiyo ni anwani tu inayoelekeza brauza kwenye seva, yaani kompyuta za Google. Akaunti ikifungwa, ukibonyeza hutafungua kitu. Pdf na picha ndivyo vilivyokuja kweli.

Nzi Mweupe:
Hii chai. Mtu ana folda ndani ya folda, ukimwamsha usingizini anataja faili, halafu mswada wa miaka una KB 1 asishtuke? Na kompyuta ameshaisafisha kabla ya kuuliza. Wakuu mnatungiwa hadithi na mtunga hadithi, amesema mwenyewe ana mswada.

Mwana wa Haki:
Hata mimi nilianza kunusa.

Kabati la Juu:
Nitunge ili nipate nini? Mimi natazama majina na tarehe, faili nikiliona kwenye folda yake najua lipo. Toka nianze kutumia kompyuta ndivyo ilivyokuwa. Sasa kama limebadilika wangeweka alama tuone.

Bi Mkubwa:
Mwacheni jamani. Linaonekana faili, lina jina, linakopika. Nani angejua?

Mtu wa Kimya:
Ya kweli au ya kutunga, kuna anayesoma hapa yuko kwenye hali hiyohiyo. Kabati, akaunti bado inafunguka? Ingia kwenye brauza, fungua mswada, nenda kwenye menyu ya faili, upakue kama .docx, yaani faili la Word, na zile barua za .gdoc hivyohivyo. Vya kwako tu. Vya ofisi mhamishie umiliki mwenzako, kwa sababu msimamizi akiifuta akaunti yako bila kuvihamisha hata wenzako waliokuwa wanavitumia wanavikosa. Kwenye akaunti za Google za ofisini msimamizi ana siku 20 za kuirudisha, baada ya hapo hamna. Imeili zako binafsi zivute kwa Thunderbird, programu ya kusomea imeili kwenye kompyuta, halafu ziburute mpaka "Local Folders", folda zilizo kwenye kompyuta yako mwenyewe, ukiziacha kwenye folda za IMAP hizo bado ni za seva, kikifutwa kitu kule na kwako kinaondoka.

Fundi Waya:
Na ukifungua akaunti yako binafsi usiitelekeze, Google wanaweza kufuta iliyokaa miaka 2 bila kutumika, walianza Desemba 2023.

Kabati la Juu:
Mswada umeshuka, KB 640, nimeufungua bila intaneti na unasomeka. Barua na imeili nazivuta sasa hivi. Ila mkuu, zikishakaa kwangu nazipanga kwenye folda, hilo sibadilishi.

Mtu wa Kimya:
Panga unavyotaka. Kabla hujairudisha ile kompyuta toa akaunti yako kwenye brauza yake, na flashi isiwe nakala pekee.