Mafundi marumaru mnaoruka praima, mnatuumiza! Marumaru za ukuta wa bafu langu zimedondoka

Wakuu, juzi saa tisa usiku tumeamshwa na kishindo, nikajua tumevamiwa. Kufika bafuni, marumaru sita za upande wa bomba la mvua ziko chini vipande vipande, ya saba imebenuka inaning'inia. Bafu halijamaliza hata mwaka. Na hapo hapo zilipoangukia ndipo mwanangu anapokaa kwenye beseni kila jioni kuogeshwa. Sikulala tena.

Kabla hamjaniambia gundi ilikuwa feki, subirini kwanza. Niliokota kipande kimoja nikakigeuza. Gundi yote imeng'ang'ania mgongoni mwa marumaru, kuibandua kwa bisibisi nimeshindwa. Lakini ule uso wake uliokuwa umegusa ukuta umebeba utando mweupe, mwembamba kama karatasi. Ni plasta. Nikapitisha kidole ukutani, kikatoka na unga kama nimekichovya kwenye ngano. Kwa hiyo gundi na marumaru vilishikana vizuri tu. Kilichoachia ni ukuta, kwa sababu haukupakwa chochote.

Na nilimuuliza! Siku anaanza kazi nilimwambia, fundi, huu ukuta ni wa plasta ya jipsamu, na mfuko wa gundi umeandikwa kabisa kwamba upakwe praima kwanza, ile dawa ya majimaji ya kuandaa ukuta kabla ya gundi. Akanijibu, "Bosi, hiyo ni biashara ya wenye maduka. Nina miaka kumi na tano kwenye hii kazi, sijawahi kupaka na sijawahi kuona tatizo."

Hilo jibu ndilo linalonichoma mpaka sasa. Utaonaje tatizo, fundi, wakati ukishalipwa hurudi tena kwenye hiyo nyumba? Kazi isiyo na praima haidondoki siku ya kukabidhi. Siku hiyo inang'aa, mnapiga picha, mnapeana mikono. Inadondoka miezi baadaye, wewe uko kwa mteja mwingine unamwambia maneno yale yale.

Nieleze kwa faida ya wanaojenga sasa hivi. Gundi ya marumaru ya saruji haishiki kwa kukauka kama matope. Inashika kwa sababu saruji iliyomo inatumia maji kugandia. Ukuta mkavu wenye vitundu ukiyanyonya yale maji ndani ya dakika chache, saruji inakosa ya kugandia, na pale inapokutana na ukuta unabaki ukoko dhaifu. Praima inapunguza hiyo kiu ya ukuta, na pia inalifunga vumbi ili gundi ishike ukuta wenyewe, isishike unga.

Kwenye jipsamu ni hatari zaidi. Saruji na jipsamu zikigusana mahali penye unyevu zinatengeneza fuwele zinazovimba, wataalamu wanaziita etringaiti. Zinakua polepole katikati ya ukuta na gundi, zinasukuma mpaka mshiko unakatika. Sasa unyevu bafuni utaukwepa vipi? Praima ndiyo inayokaa katikati kuzitenganisha.

Na asije mtu kuniambia marumaru zilikuwa nzito. Mwongozo unaotumika Uingereza unaruhusu plasta ya jipsamu kubeba hadi kilo 20 kwa mita moja ya mraba, gundi ikiwemo. Zangu ni nyembamba, milimita 8, hazifiki huko.

Jana nikaita fundi wa pili aje aangalie. Akakubali kwamba praima ilirukwa, nikafurahi nikajua nimepata mtu. Kisha akatoa kwenye begi kopo la gundi nyeupe ya mbao: "Hii tunachanganya na maji, kazi ni ile ile." Siyo ile ile! Gundi hiyo inalainika ikipata maji. Ukiipaka ukutani, gundi ya marumaru mbichi ikija juu yake inaanza kuilainisha siku ile ile, na bafuni unyevu unaendelea na kazi hiyo kila siku. Nimemshukuru kwa nauli yake, nikamfungulia mlango.

Jamani, kupima ukuta ni kazi ya dakika moja. Chovya brashi kwenye maji, rushia ukutani. Matone yakimezwa papo hapo, ukuta una kiu, paka praima, na ukiona bado unameza, rudia mkono wa pili. Matone yakibaki juu yanateleza, labda kuna rangi ya mafuta, basi praima ya kawaida haitoshi. Kwangua hiyo rangi, au tafuta praima yenye mchanga mchanga. Halafu iacheni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, msibandike ikiwa bado inanata. Na praima siyo dawa ya kuzuia maji. Upande wa kuogea ile dawa inapakwa pia, juu yake, kabla ya marumaru. Kwangu hiyo nayo haikupakwa.

Leo asubuhi fundi wa kwanza amepokea simu baada ya kumpigia mara tisa. Anasema nitakuwa nimeoga maji ya moto sana. Eti ninunue mfuko mmoja wa gundi, aje abandike zile sita, yaishe.

Hayaishi. Nimezigonga zote zilizobaki kwa sarafu, moja moja, na kila inayolia uwazi, yaani haijashika ukuta, nimeiwekea alama ya penseli. Ziko 31. Atakuja kuzing'oa zote, atakwangua huo unga mpaka plasta ngumu, na mfuko wa gundi utakaa chumbani kwangu umefungwa mpaka praima ikauke nikiigusa kwa mkono wangu mwenyewe.