Kihisi cha pampu kimelia siku 17, fundi wa zamu hana habari. Pampu imekufa, barua kapewa fundi!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku na barua ya kutakiwa kujieleza iko mfukoni. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni fundi mitambo, kiwanda sikitaji. Tuna pampu nne za maji ya kupoozea, mota zake za kilowati 75. Mwaka jana zilifungwa vihisi vya mtetemo na joto, tukaambiwa pampu itasema yenyewe kabla haijaharibika. Na kweli inasema. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti (mhimili unaozunguka), ikianza kuchubuka ndani, kihisi huona wiki kadhaa kabla mkono haujahisi kitu. Nilifurahi sana, maana miaka yote nimezisikiliza kwa bisibisi: ncha kwenye hausingi (kasha la chuma la beringi), mpini sikioni.

Sasa nani anaambiwa? Tahadhari zinaenda kwenye barua pepe za watu watatu ofisini. Sisi wenye spana na grisi hatuna hata neno la siri la kuingilia kwenye hiyo programu.

Halafu kihisi cha pampu namba 2 walikigundisha kwenye kava la kaplingi, kile kiungo cha mota na pampu. Kava ni bati, linatetemeka lenyewe! Kihisi kinatakiwa kikae kwenye hausingi ya beringi, kwenye chuma kizito, rangi ikishakwanguliwa. Nilisema siku ile ile, nikajibiwa waliokifunga ni wataalamu. Basi kikawa kinapiga kelele kila pampu ikiwashwa, ofisini wakachoka, wakazima tahadhari za pampu zote nne. ZOTE.

Alhamisi saa nane usiku pampu namba 3 ikakwama, mota ikajizima. Nafungua nakuta gololi zimegeuka bluu kwa moto, keji inayozishikilia imekatika vipande vitatu, shafti imelika, sili ya kuzuia maji imepasuka na maji yametapakaa mpaka chini ya mota. Asubuhi ndiyo wanafungua programu: mtetemo ulianza kupanda siku 17 nyuma, toka milimita 1.9 kwa sekunde hadi 7.4. Mimi ningeona imevuka 4.5 tu, ningeomba pampu isimamishwe, tukawasha ya akiba. Beringi yenyewe ilikuwepo stoo, nimeishika kwa mkono wangu wiki iliyopita! Kazi ya saa tano. Sasa tunasubiri shafti mpya na haijulikani itafika lini.

Barua inasema "uzembe wa fundi wa zamu". Uzembe upi, kwa taarifa ambayo sikupewa?

Ninachodai ni ujumbe uje kwenye simu ya zamu, na kile kihisi cha namba 2 kihamishwe leo, siyo mwezi ujao. Nina siku tatu za kujibu barua. Mliowahi kujibu barua ya namna hii, niambatanishe nini? Nimeomba grafu ya zile siku 17, wananizungusha. Na nyie wa viwanda vingine, kwenu tahadhari inamfikia nani kwanza?