Tupeane uzoefu: likizo ya kujifunza mapishi Italia bila kukodi gari

Baba Wawili
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunaishi München, Ujerumani, na mwezi wa kumi tunataka kwenda Italia kujifunza kupika tambi za mkono. Gari hatukodi, mke wangu akiona kona za milimani anafumba macho, na dereva ni yeye. Tumependa tangazo la shamba moja mkoa wa Toscana: mizeituni, malazi, darasa kila asubuhi. Ila maelekezo yao yanaishia hapa: "dakika 20 kwa gari kutoka kituoni." Aliyewahi kwenda bila gari atupe ukweli.

Shangazi wa Bologna
Shamba liweke pembeni kwanza, ndugu yangu. Chagua mji wenye treni, halafu ndani ya mji huo utafute darasa unaloweza kulifikia kwa miguu. Mimi nilichagua Bologna na sikujuta. Ukitua uwanja wa ndege, kuna kitreni cha juu kinakufikisha kituo kikuu kwa dakika kama 7. Modena ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa, Parma kama saa moja, na nauli ya treni hizo haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho. Treni ya mwendokasi ya kwenda Firenze (Florence) haifiki dakika 40, lakini hiyo nunua mapema, bei inaruka vibaya.

Sasa darasa lenyewe. Unga gramu 100 kwa yai moja, maji hakuna. Unakanda mpaka mkono unachoka, unafunika, unga unapumzika nusu saa. Nilijisifu kwamba kusukuma chapati nimezaliwa nako. Wapi! Kifimbo chao, mattarello, ni kirefu kama mkono mzima, na unga unauviringisha humo huku viganja vikiunyoosha kuelekea pembeni. Mwalimu wetu, bibi wa makamo, aliuinua wa kwake dirishani tukaona mapaa ya jirani kupitia humo. Wangu ulikuwa blanketi. Na msicheze na upana: tagliatelle, zile tambi za utepe, ikishaiva iwe milimita 8, kipimo kiliwekwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya Bologna mwaka 1972. Alitusomea hayo kama hakimu.

Mpanda Treni
Nyongeza: tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge kwenye kimashine cha kituoni KABLA hujapanda. Mbele yangu babu mmoja, Mwitaliano kabisa, alipigwa faini na kelele zake zote.

Mchaga wa Leeds
Naomba kutofautiana kidogo na Shangazi. Sisi tulikwenda shambani, nje ya Siena, na chakula kilikuwa hatari. Siri ni kuuliza kwa maandishi, kabla hujalipa: nani anatufuata kituoni, saa ngapi, kwa bei gani, na je, siku ya mapumziko mtatushusha mjini? Wetu alitufuata vizuri tu. Kasheshe ilikuwa Jumapili: basi hakuna, duka hakuna, mmekaa mnaangaliana na kuku. Wenye wachumba wapya labda watafurahia. Mkitaka Toscana bila kifungo, nendeni Lucca. Kituo kiko nje tu ya kuta za mji, na kutoka Firenze ni saa moja na dakika kama 20.

Bi Mwanakombo
Assalaam aleikum. Kwa Waislamu wenzangu: Bologna ni mji wa nguruwe, tusidanganyane. Tortellini, tambi ndogo za kujazwa, ndani ni nguruwe, ragù, mchuzi wao wa nyama, nayo mara nyingi imechanganywa. Jibini ya Parmigiano inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo mwenye kuangalia hilo aangalie. Mimi niliandika mapema, wakanipangia tortelloni, tambi kubwa za kujazwa, za jibini ya ricotta na mboga, na sufuria yangu mbali na zao.

Roho yangu lakini ilibaki Trapani, Sisilia. Kule wanapika kuskusi ya samaki: punje zinasuguliwa kwa vidole kwenye bakuli pana la udongo, zinaiva kwa mvuke, kisha zinamwagiwa mchuzi. Mpwani yeyote atajiona yuko kwao. Kutoka Palermo pandeni basi, ni kama saa mbili. Treni za Sisilia muwaachie wenye subira.

Mpanda Treni
Nimesahau migomo. Neno ni *sciopero*, inatangazwa mapema. Mgomo ukiangukia siku ya kazi, treni za mkoa zinahakikishwa saa 12 hadi 3 asubuhi, na saa 12 hadi 3 usiku. Msiweke darasa la kulipia mji mwingine siku hiyo.

Kijana wa Tegeta
Tunaotoka Bongo je? Mambo ya viza?

Mchaga wa Leeds
@Kijana wa Tegeta Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima ya afya isipungue euro 30,000. Na risiti ya darasa iambatanishe, inaonyesha unakwenda kufanya nini.

Baba Wawili
Asanteni sana. Tumekata shauri: Bologna, na siku moja Modena kuona siki yao. Shamba nimewaandikia maswali ya Mchaga, bado kimya. Mke wangu anauliza: mattarello inapita kwenye ndege?

Shangazi wa Bologna
Mwambie shemeji ndege ya nini, kuna treni kati ya Bologna na München. Hakikisheni tu ya siku yenu ni ya moja kwa moja, kwa sababu lile fimbo na mabegi kubadilisha Verona ni kazi.