Mrejesho: poliglutamati isiyoyeyuka majini na minyororo yenye urefu tofauti

Asanteni wakuu. Swali lilikuwa: kwa nini upolimishaji (kuunganisha molekuli ndogo kuwa minyororo) wa BLG-NCA, monoma ya asidi ya glutamiki iliyofunikwa kwa kundi la benzili, unatoa minyororo mirefu na mifupi kwa pamoja, na bidhaa ya mwisho haiyeyuki majini?

Chanzo cha kwanza ni DMF, yaani kiyeyushi cha mmenyuko. Ikikaa, huvunjika taratibu na kutoa dimethilamini, nayo huanzisha minyororo yake bila kukuuliza. Unyevu ni tatizo jingine. Suluhisho: DMF mpya iliyokaushwa, kazi yote chini ya nitrojeni, na NCA (yaani hiyo BLG-NCA) iliyokristalishwa upya kwa viyeyushi vya THF na heksani hadi mabaki ya asidi yaishe.

Vipimo: NCA gramu 1 (milimoli 3.8), heksilamini (kianzishi cha minyororo) milimoli 0.076, yaani uwiano wa 50:1. Heksilamini hiyo ni kama miligramu 7.7 tu, kwa hiyo usiipime moja kwa moja. Tengeneza myeyusho mama, kisha chukua ujazo unaohitajika. Mmenyuko kwenye nyuzi 0 za Selsiasi ni wa polepole, siku kadhaa, lakini ncha za minyororo hazifi ovyo. Mmenyuko hutoa gesi ya CO2, iache itoke. Chombo kilichofungwa kabisa kinaweza kupasuka.

Fuatilia kwa infraredi: vilele karibu na 1853 na 1786 cm⁻¹ vikitoweka, monoma imekwisha.

Kutoyeyuka kulitokana na makundi ya benzili yaliyobaki kwenye minyororo. HBr 33% katika asidi asetiki, ndani ya TFA (asidi ya trifluoroasetiki), huyaondoa (chemba ya moshi ni lazima). Kisha ongeza etha ili polima ijitenge kama mashapo, iyeyushe kwa bikaboneti ya sodiamu, ndipo ufanye dayalisisi (kuchuja molekuli ndogo kupitia utando). Kwenye NMR (kipimo cha muundo wa molekuli kwa sumaku), kilele cha benzili cha 5.1 ppm kisionekane tena.