Tupeane uzoefu: mtoto wako (au wewe mwenyewe) alipataje ujasiri siku za kwanza za darasa la kwanza?

Mama Tandika

Habari za usiku wapendwa. Shule zinafunguliwa Jumatatu na mimi ndiyo kwanza nimemaliza kushona jina kwenye kola ya shati la mwanangu. Ana miaka sita. Chekechea alisoma hapa hapa mtaani, nyumbani kwa mama mmoja, watoto hawafiki ishirini, uji saa nne, saa sita mtu yuko kwao. Sasa anaingia la kwanza shule ya serikali, yenye mikondo, geti, kengele na watoto kama siafu.

Wiki nzima tumbo linamuuma. Nikitaja shule linauma, nikitaja chipsi linapona. Baba yake anamwambia "mwanaume halii", basi anakaza midomo na kumeza kilio kama kidonge. Juzi usiku wa manane nimemkuta amekaa kitandani gizani, kavaa viatu vipya. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Najaribu."

Sitaki ushauri wa kwenye vitabu. Nisimulieni wa kwenu ilikuwaje. Au wewe mwenyewe, nini kilikufanya uingie darasani ukabaki? Tiririkeni.

Mzee wa Kiomboi

Mwanangu umenirudisha mbali. Mimi nilipelekwa kuandikishwa mwaka 1977, UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, imepamba moto, kila mtoto anatakiwa shule. Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Kipimo kilikuwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, vidole vikigusa sikio la kushoto umri umetimia. Visipogusa, kachunge mbuzi, urudi mwakani.

Havikugusa. Viliishia kwenye nywele, nikarudi na baba nyumbani kimya kimya. Kaka zangu wakanicheka mwaka mzima. Kila nikienda machungani nilikuwa naning'inia kwenye tawi la mkwaju nikiamini mkono utarefuka. Mwaka 1978 nikagusa, ila leo nawapa siri: nililaza shingo. Mwalimu aliona. Alikuwa mwalimu wa UPE, kijana mdogo tu aliyemaliza la saba, akanitazama, akageukia pembeni, kisha akaandika jina langu.

Sasa kuingia ndiyo nikakutana na uoga. Nilikuwa nimeitamani shule mpaka nikasahau kwamba kule kuna fimbo. Siku ya pili tu nikatoroka, nikarudi zangu kwa mbuzi. Baba akanifuata. Nilijua nimekwisha, lakini hakunipiga. Akakaa kwenye jiwe akasema, "Hebu gusa sikio." Nikagusa, na shingo nikailaza kwa mazoea. Alicheka yule mzee mpaka akakohoa. Akasema, "Yaani umeingia kwa wizi halafu unatoka hujala?"

Kesho yake nikarudi. Nilimaliza la saba mwaka 1984.

Kisamvu

Hahaha, eti shingo nikailaza kwa mazoea. Mzee shikamoo.

Chuma cha Pua

Mnawadekeza sana watoto siku hizi. Tumbo, tumbo gani? Sisi tulipelekwa kwa kiboko kutoka mlangoni hadi shuleni na leo tuko hapa, tuna familia na kazi zetu. Mpeleke, geuka, ondoka.

Ticha wa Chaki

Mkuu Chuma, hao waliopelekwa kwa kiboko nawafahamu. Ndio wale wanaokuja kikao cha wazazi halafu wanasikilizia dirishani, kuingia ndani hawataki.

Nimefundisha la kwanza miaka kumi na minne, shule tatu. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wangu walizidi mia kwenye chumba kimoja. Dawati moja wanne, waliobaki sakafuni. Huwezi kumbembeleza kila mtu hapo, kwa hiyo nilijifunza kusikiliza vilio. Kuna kilio cha getini. Hicho ni cha mama, kinaisha mama hajafika hata kituo cha bodaboda (ndiyo maana tunawafukuza madirishani, msitununie). Halafu kuna kilio cha saa nne. Hicho ndicho kibaya kwa sababu hakina sauti. Mtoto anabana mapaja, kijasho kimemtoka puani, hasikii ninachosema. Huyo anataka choo.

Wazazi huwa hamnielewi nikisema hivi, lakini kwa nilivyoona mimi hofu kubwa ya darasa la kwanza si mwalimu wala hesabu. Ni choo. Kwao alikuwa anapelekwa na mtu. Huku kuna tundu analoliona kubwa kuliko yeye, ndani giza, mlango haufungi, wakubwa wa la sita wanapigizana kelele nje. Na kabla hajafika huko kote, asimame mbele ya kundi la watu asiowajua aseme "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda nje." Anaona heri ajikaze. Anajikaza mpaka anajikojolea, wenzake wanaona, kesho asubuhi tumbo linauma.

Mimi siku ya kwanza sifundishi a e i o u. Tunatoka foleni, kila mmoja kashika shati la wa mbele, safari ya chooni. Naingia mimi kwanza. Mguu unakaa hapa na hapa, kopo hili, maji yale, mlango unaushika hivi. Tukirudi darasani tunaimba kuomba ruhusa, wote kwa pamoja, kwa sauti, hata mara kumi. Walimu wenzangu walinicheka sana. Waje wanuse darasa langu, halafu wakanuse na ya kwao.

Mama Tandika, hilo tumbo ningeanza kulichunguza hapo.

Mama Tandika

Ticha, nimemuuliza sasa hivi. Nilimuuliza tu "huko shuleni unaogopa nini hasa?" Akakaa kimya muda mrefu anachezea kamba ya kiatu. Halafu akaniuliza, "Mama, choo cha kule kina mlango?"

Nimeishiwa maneno.

Mtoto wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 2003, mwezi ule ule elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure. Wale wanaokumbuka wanajua vile shule zilifurika. Nilikuwa na miaka sita, mdogo, kamasi haziishi, na mwalimu akanikalisha dawati moja na msichana wa miaka kumi na minne.

Alikuwa yaya kwa nyumba ya watu. Karo ilipoondolewa akaacha kazi akaja shule. Mimi sikujua hayo, nilidhani ni mwalimu, kwa hivyo alipokuja kukaa nikasimama wima na kumwamkia, "Good morning, teacher." Darasa likaangua kicheko. Yeye alikaa upande upande tu, maana magoti yalikataa kuingia chini ya dawati, na sketi ya sare aliyopewa ilikuwa imefunguliwa upindo wote na bado haimtoshi.

Mwalimu akasema kila mtu aandike jina lake. Mimi nilikuwa nimepitia nasari, nikaandika. Yeye penseli imesimama. Akanifinya chini ya dawati, akaninong'oneza: "Langu linaandikwaje?" Nikamshika mkono nikamwandikia kwa biro kwenye kiganja, herufi kubwa kubwa, naye akawa anachungulia kiganja na kunakili kwenye daftari. Hadi kengele ya mapumziko hakufungua ile ngumi.

Nilikuwa nimepanga kulia siku hiyo, na sikulia. Ningelia vipi, na mtu mkubwa hivyo ananitegemea? Jioni akanishika mkono tukavuka barabara kuu, na ikawa hivyo mwaka mzima. Yeye ananivusha malori, mimi namvusha herufi.

Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akajiunga na darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Nchi nzima ilishangaa. Mimi nilijiuliza tu ni nani anamwandikia kwenye kiganja.

Kisamvu

Huyo dada aliishia wapi?

Mtoto wa Nakuru

Alifika darasa la tano hivi, kisha familia yao ikahama. Sijui aliko. Jina lake bado naweza kuliandika nikiwa nimefumba macho.

Mtu wa Wete

Sie kwetu Pemba mtoto hendi skuli kabla hajaenda chuoni, yaani madrasa, kwa hivyo mdogo wangu alipofika la kwanza keshazoea mwalimu, keshazoea bakora, na kusoma mbele za watu si kitu kwake. Alikuwa keshamaliza juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya Kurani. Matatizo ni kwamba mwaka huo baba alihamishiwa kazi Moshi.

Akaitwa ubaoni aandike "baba". Akaenda kwa mbwembwe zake, akaanzia kulia kama alivyozoea chuoni. Akaweka b, kushoto yake a, kisha b, kisha a. Ubaoni pakasomeka "abab". Watoto wakapokea: abab, abab, mpaka njiani, mpaka mlangoni kwetu. Siku mbili akagoma kwenda, na jina likamganda.

Mama ndiye aliyekwenda kumweleza mwalimu. Siku ya tatu mwalimu akamwita tena ubaoni, mie nilikuwa la nne na nilisimuliwa na yeye mwenyewe, akamwambia, "Leo anza upande wako." Kijana akaandika Bismillahi nzima, hati ya chuoni, mwalimu mwenyewe hajui hata moja wapi linaanza. Darasa kimya. Mapumziko walimpangia foleni awaandikie majina yao kwa Kiarabu, kila jina kipande cha muwa. Tangu hapo hatukumbembeleza tena kwenda skuli. Tulikuwa tunamgombeza kwa kukosa hamu ya chakula cha mchana.

Baba Leipzig

Mchango wangu mfupi, niko zamu. Huku Ujerumani mtoto anapoanza la kwanza anapewa kitu kinaitwa Schultüte. Wa huku Saxony wanaiita Zuckertüte. Ni koni kubwa ya karatasi ngumu, inakaribia kumlingana mtoto, imejazwa peremende, penseli na vikorokoro. Kunakuwa na sherehe kabisa, hapa kwetu ni Jumamosi kabla ya masomo kuanza, mababu na mabibi wanavaa wanapendeza.

Sisi hatukujua. Jirani alituambia Alhamisi. Binti yangu tayari alikuwa na wasiwasi wake: atakuwa peke yake mwenye nywele zile, watu watamshika kichwa. Kumbe aje na mikono mitupu pia? Mke wangu akatoa kitenge, kile cha arusi ya mdogo wake, akakipitisha mkasi nikiwa naangalia. Tukagundisha juu ya kadibodi usiku kucha. Ndani tukaweka walichoweka wengine, pamoja na pakiti ya ubuyu wa Zanzibar aliotuletea shemeji.

Siku ile koni zote zina farasi wenye pembe moja na roketi, yake kitenge cha tausi. Aliikumbatia mpaka uso hauonekani. Jumatatu akarudi midomo, ulimi na vidole vyekundu pyu, na ujumbe: "Baba, kuna watu wanne wanataka ubuyu." Kichwa hawakumshika? Walimshika, mmoja. Na yeye akamshika wa kwake.

Chuma cha Pua

Ticha, mimi ni wa dirishani. Ulinijuaje?

Ticha wa Chaki

Karibu ndani kaka, viti vipo.

Mama Tandika

Wapendwa, mrejesho.

Jumamosi nilimpeleka shuleni kama tunapita tu. Mlinzi alikuwa mgumu mwanzoni, nikamwambia ukweli wote: mzee, mtoto anataka kuona choo. Akacheka, akachukua fimbo yake akatutangulia yeye. Milango ipo, ila mmoja una komeo. Huo mwanangu akaufungua na kuufunga kama mara nane. Akaweka miguu pale na pale, na viatu vyake vipya. Halafu akapiga kelele ndani kusikia sauti inavyorudi, akatoka, akasema, "Wa tatu kutoka mwisho." Njia nzima anarudia, wa tatu kutoka mwisho.

Jumatatu getini alinishika kidole kwa nguvu kisha akakiachia mwenyewe. Machozi yalinitoka mimi, nikapandia bodaboda ya kwanza niliyoiona ili Ticha asinione.

Saa saba kasoro nimempokea. Nikamuuliza mmesoma nini, hakumbuki. Mwalimu anaitwa nani, hakumbuki. "Kuna mwenzangu alikuwa analia," akasema. "Nikamwombea ruhusa nikampeleka. Wa tatu kutoka mwisho."

Amepoteza penseli zote mbili na soksi moja. Viatu vyote viwili vipo, vimefungwa kamba vizuri kabisa. Soksi sijui imetokaje.